Haidrojeni au betri? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu fueli seli

Kila ikitoka video ya gari linalotoa maji badala ya moshi maswali yanarudi yale yale, kwahiyo yamekusanywa hapa pamoja na majibu yake. Kila jibu linajitosheleza, anza na lako. Umeme humu unahesabiwa kwa uniti (yani kilowati-saa), zile zile unazonunua kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla.

## Mambo ya msingi

Fueli seli ni kitu gani hasa, ni betri au jenereta?

Ipo katikati ila imeegemea zaidi kwa jenereta. Inatoa umeme wa DC kama betri, haina pistoni, haiungurumi, haichomi kitu, lakini pia haitunzi chochote ndani yake. Ukiipa haidrojeni na hewa inatoa umeme, ukifunga gesi inazima. Betri yenyewe nishati yake imeshakaa kwenye kemikali zilizomo mle ndani, zikiisha nguvu unairudisha kwenye chaja.

Chukulia jiko la gesi na mtungi wake. Fueli seli ndo jiko, tenki la haidrojeni ndo mtungi. Ukitaka kupika siku nyingi zaidi unatafuta mtungi mkubwa, jiko linabaki lile lile. Kwenye betri jiko na mtungi ni kitu kimoja, ukitaka kuongeza kimoja lazima ulipie na kingine. Ukishika hilo tu, nusu ya maswali yaliyobaki utayajibu mwenyewe.

Ndani yake kinatokea nini?

Tuchukue aina inayotumika kwenye magari. Katikati kuna utando wa plastiki maalum, mwembamba kuliko karatasi ya daftari. Kila upande umepakwa tabaka la kaboni lenye chembe ndogo sana za platinamu, na nje ya hapo kuna bamba lenye vijifereji vya kupitisha gesi. Haidrojeni inaingia upande wa anodi, ikigusa platinamu inavunjika: protoni huku, elektroni kule. Utando unaruhusu protoni tu zipite, elektroni zinanyimwa njia ya mkato, kwahiyo zinalazimika kuzunguka kwa nje kupitia waya, na ule mzunguko wa nje ndo umeme unaowasha taa au kusukuma mota. Zikifika upande wa pili, kathodi, zinakutana na protoni zao na oksijeni ya hewani yanatoka maji. Basi. Hakuna moto hapo.

Kinachowasumbua mainjinia ni hayo hayo maji. Utando ukikauka protoni hazipiti vizuri na umeme unashuka, maji yakizidi yanaziba vitundu vya gesi na seli inakosa pumzi. Lazima unyevu ukae pale pale panapotakiwa, gari likipanda mlima, likisimama foleni, likilala kwenye baridi. Ndo maana fueli seli ya kweli imezungukwa na kompresa ya hewa, pampu, vipozeo na sensa kibao, ile sahani unayoonyeshwa kwenye michoro ni sehemu ndogo tu ya mtambo.

Seli moja inatoa volti ngapi?

Kinadharia volti 1.23. Ikiwa kazini inatoa kama 0.6 mpaka 0.7, iliyobaki inageuka joto. Ndo maana zinapangwa nyingi mfululizo, kwa mfano Toyota Mirai ya toleo la 2, gari la haidrojeni, ina seli 330 zilizobanwa pamoja. Na lile joto lazima litolewe, alafu kwa sababu seli hizi zinafanya kazi kwenye nyuzi 60 mpaka 80 tu, kulitoa siku ya jua kali ni kazi kweli, unahitaji rejeta kubwa.

Teknolojia hii ni mpya?

Hapana, ni ya zamani kuliko gari la petroli. William Grove wa Wales alionyesha betri yake ya gesi, yani fueli seli ya enzi hizo, mwaka 1839, na Christian Friedrich Schönbein alikuwa kwenye jambo hilo hilo miaka hiyo hiyo. Ikakaa sana bila kazi ya maana mpaka Mwingereza Francis Bacon alipoonyesha mtambo wa kilowati 5 mwaka 1959, NASA wakaona hapo ndo penyewe, wakaitumia kwenye safari za Gemini kuanzia 1965 na baadae Apollo. Kwenye Apollo ilikuwa faida mara mbili, umeme wa kutumia na maji ya kunywa.

Apollo 13 inafaa kukumbukwa hapa. Aprili 13, 1970 tenki moja la oksijeni lilipasuka, fueli seli tatu zote zikakosa oksijeni zikafa moja baada ya nyingine. Fueli seli zenyewe hazikuwa na kosa lolote, zilikosa cha kula. Wanaanga wakahamia kwenye chombo cha kutua mwezini ambacho kilikuwa kinatumia betri za fedha na zinki, wakazima karibu kila kitu, wakakaa kwenye baridi mpaka wakakaribia nyumbani. Betri umeme wake inao yenyewe, fueli seli ni lazima iletewe.

Haidrojeni inatoka wapi kwani? Si ipo kila mahali?

Ipo kila mahali lakini imeshikana na vitu vingine, na oksijeni kwenye maji, na kaboni kwenye gesi asilia na mafuta. Kuitenga kunakula nishati. Kwahiyo kwa matumizi yetu sio chanzo cha nishati kama jua au upepo, ni njia ya kuibeba.

Dunia inatengeneza zaidi ya tani milioni 90 kwa mwaka na karibu yote inatoka kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Kilo moja ikitengenezwa kwa gesi asilia inaacha kama kilo 9 au 10 za kaboni daioksaidi, kwahiyo gari litatoa maji hapa huku kiwandani moshi umeshatoka. Ile inayoitwa ya kijani inapatikana kwa kupitisha umeme safi kwenye maji, inahitaji maji kilo 9 kwa kila kilo ya haidrojeni na umeme uniti 50 mpaka 55. Hizo uniti 50 ndo zinatupeleka kwenye swali linalofuata.

## Haidrojeni na betri zikipambanishwa

Ipi inapoteza umeme kidogo?

Betri, na tofauti sio ndogo.

Chukua uniti 100 kutoka kwenye sola. Ukizipeleka kwenye betri ya lithiamu, ukitoa upotevu wa chaja na wa betri yenyewe, unapata kama 85 mpaka 90 za kutumia. Zile zile 100 ukizitumia kupasua maji, ndani ya haidrojeni zinabaki kama 65. Ukiigandamiza iingie tenki la gari, ambalo presha yake ni baa 700, unabaki na 60 hivi. Fueli seli nayo inageuza kama nusu kuwa umeme, mwisho wa safari unashika 30 au zaidi kidogo. Yani kwa kazi ile ile utahitaji paneli karibu mara tatu.

Tuweke na gari kabisa. Mirai inabeba kilo 5.6 na inakwenda kilomita kama 640 kwa kipimo cha Marekani. Kutengeneza kilo 5.6 kwa umeme ni kama uniti 300. Gari la betri la ukubwa wa kati linaenda umbali huo huo kwa uniti 100 na kidogo. Mtu anaweza akakuambia teknolojia itakua, na ni kweli mitambo inaendelea kuboreshwa, lakini umeme uliogeuzwa kuwa gesi, ukagandamizwa, ukageuzwa tena kuwa umeme, hauwezi kukimbizana na ulioingia betri moja kwa moja. Hilo ni suala la fizikia, kampuni haiwezi kulijadili.

Lakini nasikia haidrojeni ina nishati mara tatu ya petroli?

Kwa kilo ni kweli kabisa, kilo moja ina uniti 33 na petroli ina kama 12. Shida ni nafasi. Ni gesi nyepesi kuliko zote, hata ukiigandamiza kwa baa 700 lita moja inabeba gramu 40 tu hivi. Ukitaka iwe kimiminika lazima uishushe mpaka nyuzi 253 chini ya sifuri, na kuipoza hivyo nako kunakula umeme mwingi sana.

Na tenki lenyewe sio la bati. Ni la nyuzi za kaboni, nene, la mviringo, huwezi kulipinda likakaa chini ya kiti kama tenki la petroli. Ukijumlisha tenki, fueli seli na vikorokoro vyake ule ushindi wa kwa kilo unapungua sana, ingawa haupotei: kwa mzigo mzito na safari ndefu haidrojeni bado inakuwa nyepesi kuliko betri. Ndo maana bado inatajwa kwenye meli na malori makubwa. Nyambizi za Ujerumani za aina ya 212 zinatumia fueli seli kukaa chini ya maji wiki kadhaa, kimya kabisa, na hapo hakuna anayeuliza bei ya uniti.

Kujaza je? Si haidrojeni ni dakika tano tu?

Ndiyo, na hiyo ndo hoja yake nzuri kuliko zote. Betri ya gari kwa chaja ya haraka ni dakika 20 mpaka 40, kwa chaja ya nyumbani ni usiku mzima.

Ila dakika tano ni pale kituo kipo, kina gesi, na pampu inafanya kazi. Shell walifunga vituo vyao vya haidrojeni vya magari Uingereza mwaka 2022 na vya California mwaka 2024, na kule California bei ilifika kama dola 36 kwa kilo kwenye baadhi ya vituo. Piga mara 5.6 uone. Kituo cha haidrojeni ni ghali kujenga, na kama magari hayaji kinakula hasara, na magari hayaji kwa sababu vituo hakuna. Umeme upo tayari kwenye ukuta.

Kipi kinadumu zaidi?

Inategemea na matunzo. Betri za lithiamu za chuma na fosfeti, zile zinazouzwa sana siku hizi kwa ajili ya sola, zinafika mizunguko 3,000 au zaidi. Fueli seli inahesabiwa kwa saa: kuna mabasi ya AC Transit kule California yaliyopita saa 25,000. Adui wa fueli seli ni kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara pamoja na uchafu, maana hata chembe kidogo sana za kaboni monoksaidi kwenye haidrojeni zinaigandia platinamu na umeme unashuka.

Madini yake je, si yote yanatoka Afrika?

Mengi, ndiyo. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, madini ya betri, inachimbwa Kongo, Lualaba na Haut-Katanga, watu wa Kolwezi wanaongea Kiswahili kama sisi na ndo wanaokula vumbi lake. Platinamu ya fueli seli nayo kwa sehemu kubwa inatoka Afrika Kusini. Tanzania tuna grafaiti ya Mahenge na nikeli ya Kabanga, zote ni malighafi za betri.

Kwahiyo anayesema haidrojeni ni safi kwa sababu haina kobalti anasahau platinamu, na anasahau pia kwamba betri nyingi mpya za chuma na fosfeti hazina kobalti wala nikeli kabisa. La muhimu ni mchimbaji analipwaje na madini yanasafishiwa wapi, na hilo kubadilisha teknolojia peke yake hakulitatui.

Kipi ni hatari zaidi?

Vyote vinahitaji heshima. Haidrojeni haina rangi wala harufu, moto wake mchana karibu hauonekani, na inawaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, eneo pana mno ukilinganisha na gesi ya kupikia. Uzuri wake ni nyepesi, mahali pa wazi inapaa na kutawanyika upesi. Hatari ni ndani ya chumba kilichofungwa, inajikusanya juu darini.

Juni 2019 kituo cha haidrojeni cha Sandvika karibu na Oslo kililipuka. Uchunguzi ulikuta boliti za kiziba kimoja cha tenki la presha kubwa hazikukazwa sawasawa. Boliti tu! Hakuna aliyekufa, ila mtetemo ulifyatua eabegi za gari lililokuwa karibu na waliokuwemo wakaumia kidogo. Lithiamu nayo ikiharibika seli moja inapandisha joto, inaambukiza ya jirani, na moto wake ni mgumu kuzima. Kwa nyumbani hatari kubwa ni betri za kuungaunga zisizo na kidhibiti cha chaji, hizo kaa nazo mbali.

## Huku kwetu

Bodaboda ya haidrojeni inawezekana?

Inawezekana kutengenezwa, lakini ya kazi gani? Bodaboda ipo mjini, inarudi kijiweni kila saa, na tatizo la muda wa kuchaji limeshatatuliwa kwa kubadilisha betri. Kigali na Nairobi kampuni kama Ampersand zinafanya hivyo, dereva anaingia kituoni, anachomoa betri iliyoisha, anachomeka iliyojaa, dakika chache yupo barabarani. Ile faida ya dakika tano hapo imekufa. Kwa bodaboda na bajaji mimi sioni kabisa haidrojeni ikiingia. Daladala na mabasi ya mjini hivyo hivyo, Nairobi BasiGo wanapakia abiria kwa betri tayari.

Nyumbani nina sola, niweke fueli seli kwa ajili ya usiku?

Hapana. Utahitaji mtambo wa kupasua maji, wa kusafisha maji, kompresa, tenki na fueli seli yenyewe, alafu unapata theluthi ya umeme uliouweka. Usiku una urefu wa saa 12 tu, betri inaumudu vizuri sana.

Haidrojeni inaanza kuwa na maana pale unapotaka kutunza umeme miezi, mfano nchi za baridi zenye jua kali kiangazi na giza refu kipupwe. Sisi tulio karibu na Ikweta jua tunalo mwaka mzima, hata masika siku zenye mawingu zinapita. Pesa hiyo ongeza paneli mbili na betri ya pili.

Sasa mbona Kenya na Oman wanazungumzia haidrojeni ya kijani?

Kwa sababu haidrojeni ina kazi nyingine kubwa kuliko magari. Mbolea ya naitrojeni inatengenezwa kwa amonia, na amonia ni haidrojeni na naitrojeni. Kenya ilitoa mkakati wake Septemba 2023, na mbolea imewekwa mbele humo, na wao umeme wa jotoardhi wa Olkaria unatoka usiku na mchana, kitu ambacho mtambo wa kupasua maji unakipenda. Oman waliunda kampuni ya serikali ya Hydrom mwaka 2022, wanalenga kuzalisha tani milioni 1 kwa mwaka ifikapo 2030, sehemu kubwa ya kuuza nje. Chuma nacho, Sweden kwenye mradi wa HYBRIT mwaka 2021 walitoa chuma kilichochakatwa kwa haidrojeni badala ya makaa ya mawe.

Hapa ndo natamani watu wangeweka nguvu ya mjadala. Mkulima wa Mbeya au Eldoret anayenunua mfuko wa mbolea iliyosafiri kwa meli bei ikipanda na kushuka na gesi ya dunia, huyo haidrojeni inamhusu kuliko mwenye ndoto ya Mirai. Na kwenye mbolea ile hesabu ya uniti 100 haikuumizi, maana hakuna betri ya kushindana nayo, shamba halili umeme.

## Maswali ya pembeni

Kuna jamaa ana gari linalotumia maji badala ya petroli, ni kweli?

Sio kweli. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua, ni majivu yake. Kuyapasua kunakula nishati nyingi kuliko utakayopata ukiyaunganisha tena, hata mtambo uwe mzuri vipi. Stanley Meyer wa Marekani alivuma sana na gari lake la maji, wawekezaji wakampeleka mahakamani Ohio, mwaka 1996 mahakama ikasema ni utapeli na kuamuru awarudishie pesa. Vile vifaa vya kufunga kwenye injini eti vinapunguza mafuta kwa kutoa gesi ya maji ni ukoo ule ule, vinachukua umeme kwenye alteneta, na alteneta inazungushwa na petroli hiyo hiyo.

Naweza kujaribu kutengeneza haidrojeni mwenyewe kwa maji ya chumvi na betri ya gari?

Usifanye, hasa ndani. Chumvi ya kupikia inatoa gesi ya klorini, ni sumu ya mapafu. Na haidrojeni uliyokusanya kwenye chupa ikichanganyika na hewa inalipuka kwa cheche ndogo sana. Kwa mwalimu wa sayansi kuna vifaa vidogo vya darasani vinavyotumia maji yaliyokenekwa (distilled), hivyo vinatosha kuwaonyesha wanafunzi.

Mbona gari la fueli seli lina betri ndani yake?

Kwa sababu fueli seli inachelewa kidogo ukikanyaga ghafla, hewa na gesi lazima ziongezwe kwanza. Betri ndogo inaziba pengo hilo, na inapokea umeme unaorudi ukishika breki, maana fueli seli yenyewe haiwezi kupokea. Kwahiyo gari la haidrojeni ni gari la umeme kamili, mota ni ile ile, tofauti ni umeme unatoka wapi.

Maji yanayotoka yananyweka?

Ni masafi sana, ila yamepita kwenye mabomba ya gari, usiyafanye mazoea. Mirai ina hadi kitufe cha kumwaga maji kabla hujaegesha ili yasichuruzike kwenye gereji.

Treni je, Ujerumani si wanazo?

Wanazo. Jimbo la Lower Saxony lilianza kubeba abiria na Coradia iLint ya Alstom mwaka 2018, mwaka 2022 zikawa 14. Baadae jimbo hilo hilo likaamua treni zinazofuata ziwe za betri, kwa sababu gharama ya kuziendesha ni ndogo. Mantiki ni ile ya uniti 100 hapo juu.

Gesi yetu ya Mtwara na Songo Songo, inaweza kuingia moja kwa moja kwenye fueli seli?

Kwenye zile za magari hapana, zinataka haidrojeni safi. Lakini kuna aina ya kauri inayofanya kazi kwenye joto la nyuzi 600 mpaka 1,000, hiyo inaweza kula gesi asilia, inaivunja yenyewe mle ndani na kaboni monoksaidi kwake ni chakula sio sumu. Inatoa umeme kwa ufanisi mzuri kuliko jenereta nyingi, na joto lake unaweza kulitumia tena. Kaboni daioksaidi bado inatoka, ila ni pungufu kuliko ukiichoma gesi hiyo. Udhaifu wake ni kuwaka: inachukua saa nyingi kupata moto, na ukiizima na kuiwasha kila siku kauri inapasuka, kwahiyo inafaa hospitali au kiwanda kinachotumia umeme saa 24, sio duka linalosubiri umeme ukatike.